Kibwebwe cha Bi. Mwanaidi

Kuna siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, na kinachoniamshia ni harufu. Nikipita dukani nikakuta wanamimina mafuta ya nazi, hapo hapo mie si mtu mzima tena, ni msichana wa Mlandege mwenye buibui jipya na kalamu mkobani, nimesimama mlangoni mwa kiwanda, na furaha imenijaa. Umekuja kuniaga, Rahma. Unaniambia Jumatatu unaanza kazi ya ukaguzi wa viwanda, ile ile niliyoifanya mimi mama yako mkubwa, na unaniuliza uanzie wapi. Kaa basi. Kahawa bado i moto, na haluwa usiiogope, imeletwa kwa ajili yako. Nitakuhadithia, na ukinisikia najisifu usinikate, maana leo nataka kujisifu na nina haki.

Nilimaliza skuli miaka michache baada ya Mapinduzi. Kila afisi ilikuwa inatafuta vijana wa kujaza viti, na sisi wasichana tukaitwa. Marehemu babu yako, fundi cherehani wa pale pale Mlandege, alikuna kichwa siku nzima kabla hajaniruhusu, kisha akanishonea nguo mbili mpya za kazi, moja ya kuvaa na moja ya kufua. Katika afisi ya kazi, ile inayoangalia usalama wa wafanyakazi, nilianza kwa kupiga taipu. Wakaguzi walikuwa wakitoka asubuhi kwenda viwandani na maghalani, wakirudi wananitupia ripoti zao nizipige taipu, na karibu zote zilisema neno moja. Kiwanda cha sabuni, hali ni salama. Tanuri ya chokaa, hali ni salama. Ghala la karafuu, hali ni salama. Nilifika mahali naliandika hilo neno kabla sijageuza ukurasa.

Mmoja tu ndiye aliyekuwa akinichosha vidole, naye ni Mzee Makame. Mtu wa mtaa wa Ng'ambo, mrefu, mkavu, kofia ya viua kichwani siku zote, na baiskeli inayopiga kelele kuliko mwenyewe. Yeye aliandika ngazi gani imekosa kidato, mlango gani haufunguki kwa ndani, maji ya kunywa wanayapata wapi na yamefunikwa kwa kitu gani. Siku moja nikashindwa kuvumilia, nikamwambia, "Mzee, wenzako wanaandika mstari, wewe unaandika msahafu!" Hakukasirika. Alivuta kiti akakaa mbele ya taipu yangu.

"Sikiliza, Zuhura," akasema. "Mimi naona kwa macho yangu. Mkuu wetu hatoki afisini, anaona kwa ripoti yangu. Na serikali inaona kwa ile ripoti ya mwaka anayoipeleka mkuu. Sasa nikifumba macho mie huku chini, wote wale walioko juu wanakuwa gizani, na wala hawajui kama wako gizani."

Wiki ile ile akaenda kuniombea niwe msaidizi wake. Mkuu alipomuuliza kwa nini anataka msichana, akajibu kwamba anayelalamika kupiga taipu ni anayesoma anachokipiga. Mwanangu we, nilifika nyumbani siku ile sikumbuki hata njia niliyopita. Nikamwambia kila mtu, mpaka muuza maji.

Sasa ikatokea baiskeli ya Mzee Makame ikamtupa pale Darajani, goti likavimba likawa kama boga. Na zamu ya kukagua kiwanda cha mafuta ya nazi ilikuwa imefika. Kiwanda chenyewe jina lake naliacha, hakipo tena. Mzee akaniita kwake, yuko kitandani na goti limefungwa majani ya mbono, akaniambia, "Nenda weye. Angalia, uliza, rudi uniambie." Mie huyo!

Meneja wa pale aliitwa Ndugu Shaame. Hakuwa mtu mbaya, nakwambia mapema usije ukamchukia. Kiwanda kilikuwa kimechukuliwa na serikali si zamani, yeye amekabidhiwa, na alikuwa akikipenda kama mtoto wake. Akanipokea kwa dafu, akanizungusha mwenyewe. Kwanza ghala la mbata, zile nazi zilizokaushwa. Halafu injini, inanguruma mpaka meno yanakutetemeka, na kutoka kwenye injini mkanda mrefu mpana unakimbia kuzungusha kinu. Wanawake walikuwa wakivunja mbata upande huu na kuzibeba kwa makapu hadi mdomoni mwa kinu upande ule, wanapita kando ya mkanda, wengine wakiimba.

Nikauliza kama nilivyofunzwa. Hamjambo? Hatujambo. Habari za kazi? Nzuri. Kazi salama? Salama, alhamdulillahi. Kila niliyemuuliza alinijibu hivyo, na mie naandika. Mwanangu, nani wa Unguja umkute uso kwa uso umuulize u hali gani, akakwambia vibaya? Hata mwenye homa hukwambia mzima kwanza, kisha ndiyo akakuomba dawa. Nilikuwa nalijua hilo tangu nanyonya, lakini siku ile kichwa changu kilikuwa kimejaa cheo.

Basi nikawatazama wale mama. Wote, mkubwa kwa mdogo, walikuwa wamevaa kanga kiunoni, na juu yake kanga ya pili wameisokota wakaifunga kwa nguvu, kibwebwe hasa, kama watu wanaokwenda kucheza ngoma. Ndugu Shaame akaniona ninavyoangalia. Akapaza sauti juu ya ile ngurumo, uso unamng'ara: "Waangalie mama zetu! Wamejifunga kibwebwe kuijenga nchi!"

Machozi yalinilenga, sikufichi. Nilijiona niko katikati ya jambo kubwa. Nikarudi afisini, nikaandika ripoti yangu ya kwanza kwa mkono wangu, na sentensi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa hii: "Hali ni salama, na wafanyakazi wa kike wamejifunga kibwebwe."

Nikampelekea Mzee Makame Ng'ambo, nikasimama mbele yake nikingoja nisifiwe. Akasoma. Akasoma tena. Akavua miwani.

"Wamejifunga kibwebwe kweli, au ni maneno ya kupendezesha?"

"Kweli, Mzee. Kwa kanga."

"Kanga gani?"

"Ya pili. Ile moja wamevaa, ya pili wamejifungia."

"Wote?"

"Wote."

Kisha akauliza jambo ambalo mie niliona halina maana. "Mama yako akiwa uani, akaitwa mbele, na mbele kuna mwanamume mgeni, hufanya nini kabla hajatoka?"

"Hujitanda, kichwa na mabega," nikasema.

"Hujitanda nini?"

Nikafungua mdomo nimjibu, kanga ya pili, na hapo hapo nikafahamu anakokwenda. Yeye akaendelea pole pole, na kila neno likinichoma. "Wanawake wa Unguja. Mbele ya meneja, mbele ya makuli, mbele ya mgeni wa serikali. Hapana hata mmoja aliyejitanda, wote mabega wazi. Na aliyekwenda kuwakagua ni mwanamke mwenzao. Nilifurahi kukutuma weye, Zuhura, kwa sababu nikajua utaona ambayo mie mwanamume nisingeweza hata kuyatazama. Ukaenda ukaazima macho ya meneja." Akanirudishia karatasi yangu. "Rudi."

Niliondoka pale nimekasirika, tena sana. Nikawa nasema peke yangu njiani, mzee huyu goti linamuuma sasa anatafuta wa kumuumiza. Lakini nilipofika Mlandege hasira ilikuwa imekwisha, imebaki aibu, na chini ya aibu kuna swali. Kwa nini hawajitandi?

Siku ya pili yake nilikwenda wakati wa chakula. Injini imezimwa, wanawake wamekaa kwenye kivuli cha ukuta wa ghala, wanakula mihogo kwa samaki. Sikwenda kwa meneja kwanza. Nikaamkia, nikavua viatu, nikakaa juu ya gunia kati yao, nikakaribishwa muhogo nikala. Mkubwa wao alikuwa Bi. Mwanaidi, mtu wa asili ya Makunduchi, mwili mkubwa, sauti nene, mwenye utani. Yeye asipocheka, kicheko cha wenzake hakikudumu.

"Bi. Mwanaidi," nikasema, "mbona humu hamjitandi?"

Wakaangua kicheko. Mmoja akasema joto, mwengine akasema wanaume wenyewe wa humu wazee, wanatutazama nini? Bi. Mwanaidi hakucheka, na wenzake wakanyamaza mmoja mmoja. Akanitazama usoni.

"Mwanangu, unauliza au unaandika?"

"Nauliza kwanza."

Akajikung'uta makombo, akainuka, akaniambia nimfuate. Akanipeleka mpaka kwenye mkanda, umesimama kimya. Akanionesha ile njia yao, baina ya mkanda na ukuta, nyembamba kiasi kwamba mtu na kapu lake wanapita ubavu ubavu. Akanionesha na sakafuni matundu ya parafujo, mahali palipokuwa pamesimama wavu wa chuma wa kuufunika mkanda. Wavu wenyewe uliondolewa siku injini ilipoharibika, wasiurudishe.

"Hapa ndipo ilipokwenda kanga yangu," akasema. "Ya harusi ya binti yangu, sijaifua hata mara moja. Ncha tu iligusa. Mkanda ulinivua kama mtu anavyomenya ndizi. Sikuwa nimeifunga, ilikuwa imekaa begani tu. Ningekuwa nimeizungusha shingoni, leo ungekuja kwenye hitima yangu." Akapiga kiuno chake kwa kiganja. "Toka siku ile tukaagana sote, kanga ya pili inafungwa hapa. Meneja anatusifu. Hiki si cha kujengea nchi, mwanangu. Hiki ni cha woga."

Nikatoa kalamu, naye akanishika mkono kwa nguvu. "Usiandike! Nshakwambia kwa sababu umekula na sie, lakini usiandike. Meneja alikwisha sema, nguo zetu zikimletea taabu atatutoa sote, ataweka wanaume wa kaptula. Nyumbani kwangu mie ndiye mama na mie ndiye baba. Bora nibane kanga kuliko kubana tumbo."

Unaliona jambo lenyewe lilivyonikaa, Rahma? Nikiandika salama, ipo siku mkanda utachukua shingo ya mtu. Nikiandika ukweli, wanawake wale wote wanarudi majumbani mwao mikono mitupu, na Bi. Mwanaidi wa kwanza. Nilimwambia kitu kimoja tu nilichokuwa nacho, kwamba jina lake halitoandikwa popote na hapana atakayejua nani aliyenionesha.

Ndugu Shaame aliniona nimesimama pale baada ya Bi. Mwanaidi kurudi kwa wenzake. Akaniita, nikamuuliza habari za wavu, akatabasamu kama mtu aliyekwisha kulifikiria. "Zile nguo zao ndefu ndizo zenye taabu, dada. Wewe andika tu wanawake waondolewe kwenye mashine. Nasaini sasa hivi, na kazi yako imekwisha." Alisema kwa upole, na nakwambia kweli, kwa muda nilimwona ana busara.

Nikarudi nyumbani roho imenikaa juu juu. Babu yako alikuwa kibarazani anashona, mguu unakwenda, gurudumu la cherehani linazunguka. Kulikuwa na mteja, mwanamke amekuja kuchukua gauni lake, amesimama karibu kabisa na cherehani, buibui linagusa chuma, wanaongea wanacheka. Na mie nikakodolea macho lile gurudumu. Kuna kipande cha chuma cha duara kilicholifunika kwa juu. Nilikulia mbele ya cherehani ile, nilikiona kila siku ya maisha yangu, sikuwahi kukiuliza.

"Baba, hiki chuma cha nini?"

"Kinga ya nguo," akasema bila ya kunitazama. "Gurudumu lisimkamate mtu."

Basi. Huyo aliyetengeneza cherehani, huko alikokuwa, hakusema wanawake wasikaribie. Hakusema waje na nguo fupi. Alilifunika gurudumu. Nikacheka peke yangu pale barazani mpaka mteja akamuuliza baba kama mtoto wake mzima.

Nikaandika upya. Niliandika kwamba mkanda wa injini hauna kinga, na njia ya wafanyakazi inapita kando yake. Nikaandika kwamba umekwisha kamata nguo. Nikaandika injini isimame mpaka kinga irudishwe, na mwisho nikaandika kwamba asiondolewe kazini mfanyakazi yeyote kwa sababu ya jambo hilo, maana kosa liko kwenye mkanda. Kibwebwe sikukitaja. Mzee Makame akasoma, hakusema vizuri wala vibaya, akasema, "Piga taipu." Kutoka kwake, hiyo ilikuwa medali.

Haikufika wiki Ndugu Shaame akaja afisini amevimba. Kwa mkuu wetu, mlango umefungwa, sauti zinatoka. Nikaitwa. Mzee Makame akaingia nyuma yangu na bakora yake, akakaa kwenye kiti cha pembeni, akanyamaza. Nikajua amekuja nisiwe peke yangu, lakini kusema ni kwangu.

Mkuu alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kuchoka. Akaishika ripoti yangu kwa vidole viwili. "Unajua hii inakwenda wapi? Hii inaingia katika ripoti ya mwaka ya nchi. Itasomwa na wakubwa, itasomwa na wageni. Kiwanda ni cha wananchi, halafu sisi wenyewe tunakipaka matope?"

"Huyu katia chumvi," akadakia Ndugu Shaame. "Wanawake wenyewe waulize, watakwambia salama!"

Ulimi ulinikauka. Nilimtazama Mzee Makame, naye anatazama ncha ya bakora yake. Basi nikajikaza.

"Ndugu Mkuu," nikasema, "mie ndiye niliyekuwa nikipiga taipu barua zako. Unaomba wakaguzi waongezwe, unaomba baiskeli, unaomba gari ya kufika mashamba. Na majibu yake nilikuwa nikiyafungua mie. Kila mara wanakujibu, mbona ripoti zenu zote zinasema hali ni salama, hao wakaguzi zaidi wa nini? Ndugu Mkuu, neno hilo ndilo linalotunyima baiskeli."

Mkuu akaiweka ripoti mezani. Ndugu Shaame akaona mambo yanamgeuka, akarudi kwenye lile lake. "Haya, mie sikatai hatari. Nasema tu sababu ni nguo zao. Watolewe, yamekwisha."

Hapo, mwanangu, sijui maneno yalitoka wapi. "Ndugu Meneja, wanawake wamevaa vizuri. Aliye uchi ni mkanda. Umvishe yeye!"

Mkuu alianza kwa kukohoa, nikadhani amekasirika, kumbe ni kicheko. Akacheka mpaka akavua miwani akajifuta. Alipotulia akamgeukia Ndugu Shaame. "Hiyo kinga yake iko wapi?"

Ndugu Shaame akatazama chini. "Iko stoo."

"Stoo inafanya nini?"

"Inasubiri fundi."

Mzee Makame akasafisha koo. Ndiyo sauti pekee aliyoitoa siku ile, na ilitosha. Mkuu akachukua kalamu, akatia saini injini isimame, na chini ya maneno yangu ya kwamba asiondolewe mtu akapiga mstari mzito kwa wino wake.

Fundi, aliyekuwa akisubiriwa siku zote zile, alipatikana siku ya pili yake asubuhi. Ndugu Shaame hakutaka injini yake ilale kimya. Alasiri ile nikaenda kuhakikisha, na Mzee Makame akanifuata anachechemea, akisema anataka kupunga upepo. Injini ikawashwa. Mkanda ukaanza kukimbia, safari hii ndani ya wavu, unausikia lakini haukufikii. Wanawake wakasimama na makapu yao, hapana anayetaka kuwa wa kwanza.

Bi. Mwanaidi akaliweka kapu chini. Akapeleka mikono kiunoni, akafungua fundo, fundo lilikuwa gumu, akalivuta kwa ncha za vidole vyake. Ile kanga akaikung'uta mara moja, hewani, ikafunguka yote na maua yake. Akajitanda. Akajitanda taratibu, kama mtu anayekwenda kumpokea mkwe, akaacha ncha moja ining'inie ubavuni. Kisha akanyanyua kapu akaingia kwenye ile njia, anapita kando ya mkanda kwa maringo, ncha ya kanga inaparaza wavu, inaparaza, na haikwami. Alipotokea upande wa pili, vigelegele vilizidi ngurumo ya injini. Ndugu Shaame mwenyewe alipiga makofi. Na mie nililia, Rahma, nililia mbele ya watu na kalamu yangu mkononi. Mzee Makame akaninong'oneza niandike kabla sijasahau.

Siku chache baadaye Bi. Mwanaidi alinikuta Darajani, ana doti ya kanga mpya kwapani, kaninunulia mie. Nikamwambia, Bi., siwezi, mkaguzi hapokei hata embe. Alikasirika kidogo, kisha akacheka. "Basi niangalie tu nilivyojitanda," akasema, akageuka huku na huku katikati ya watu. Mpaka leo sijapewa zawadi iliyonifurahisha kama ile.

Mwaka ulipokwisha, Mzee Makame aliniwekea mezani ripoti ya nchi, imepigwa chapa, imejaladiwa. Akaweka kidole juu ya mstari mmoja: kwamba katika kiwanda cha mafuta, mkanda usio na kinga ulikutwa na mkaguzi, ukafunikwa, na wafanyakazi wote wakaendelea na kazi. Jina langu halimo. La Bi. Mwanaidi halimo. Nikausoma mpaka nikauhifadhi. Na mwaka uliofuata vijana wapya waliletwa afisini kwetu, wakaja na baiskeli mpya zinazong'ara. Sikuwaambia kitu, lakini kila nilipoziona zimeegemezwa ukutani nilikuwa nikijua zimetoka wapi.

Haya, ndiyo hayo, na wosia wangu ndio huu. Ukiingia mahali, salamu ziitikie, ni adabu, lakini usiziandike. Kaa na watu wakati mashine zimezimwa, ule wanachokula. Ukiona jambo la ajabu katika mavazi yao, katika mwendo wao, katika namna wanavyopita mahali, usifurahi nalo wala usilisifie, uliza lina sababu gani. Anayekuambia siri mfiche, na ukweli wake usiufiche. Usimkague mtu ukaiacha mashine. Na ripoti yako iandike kama kwamba anayeisoma haoni kabisa, na weye ndiye jicho lake, kwa sababu ndivyo ilivyo. Kisha ukishaandika, rudi ukaangalie kama kimefanyika. Wengi wanaandika vizuri, hawarudi.

Na mtu akikuonesha wafanyakazi wake akakwambia wamejifunga kibwebwe, mwanangu, makofi yangoje kwanza. Waulize wanaogopa nini.

Mola akupe macho yako mwenyewe, asikupe ya kuazima. Akupe ulimi usiokauka mbele ya wakubwa, akukutanishe na mzee wa kukurudisha ulikotoka mbio, na akuoneshe siku, hata moja tu, mtu anafungua fundo lake kwa sababu weye ulipita. Amin. Haya inuka, mama yako atakuwa anakungoja. Njoo kwanza nikupe hii kanga yangu, mie kwako si kiwanda, kwangu unaruhusiwa kupokea. Jitande, nikuone.